Walijua, Nikiwa Nimelala

Sijawahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu mwaka niliofukuzwa udereva, watu wa Iringa walikuwa wameshaambiwa kinyume chake, na wengi wao waliniambia "pole" kwa sauti ambayo mtu humwambia mlevi. Nilikuwa dereva wa basi la Iringa na Mbeya, mtoto wa maalimu aliyesomesha Kurani pale Mlandege mpaka kufa kwake. Babu zangu walipanda kutoka pwani na biashara ya nguo, wakaoa huku, wakazikana huku. Nyumbani kwetu hata siki ilinuswa kwanza kabla ya kutiwa kwenye kachumbari.

Basi lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, mtu mpole wa maneno, mwenye magari machache na duka la vipuri. Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya barabara kuu ilikuwa bado nyeusi, na sisi madereva tuliionea fahari kama mtoto na nguo yake ya Idi. Leo nakwenda Mbeya, kesho narudi. Konda wangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mke wangu ni Mhehe wa Kalenga. Tulipooana alisilimu, na baba yao alipofariki, mdogo wake akaja kukaa kwetu. Nilimwombea kazi kwa tajiri. Jioni, gari likiwa tupu, nilimpa usukani nikamfundisha, kwanza uwanjani, baadaye kwenye barabara ya Mafinga. Alikuwa na mikono mizuri. Nilimsifu mbele ya madereva wenzangu mpaka wakachoka kunisikiliza.

Mimi nilikuwa mnene. Dereva wa basi hupewa chakula cha bure kila hoteli anayoshusha abiria, na sikuwa mtu wa kukataa sahani. Shingo ilijaa mpaka kifungo cha juu cha shati kikawa pambo tu. Pia nilikuwa mtu wa kukoroma. Hilo nililijua kwa mizaha. Kwenye gesti ya Mbeya tulikolala, madereva waligombea kutopangwa chumba kimoja nami. Walisema trekta la kijiji limeingia mjini. Nilicheka nao. Marehemu baba alikoroma, na kwetu anayekoroma huonewa wivu kwamba amelala raha.

Lakini raha yenyewe sikuiona. Niliamka kichwa kinauma, mdomo mkavu kama nimetafuna majivu, nimechoka kuliko nilivyopanda kitandani. Mchana usingizi ulinijia bila hodi. Nilisinzia msikitini wakati wa hotuba ya Ijumaa, nilisinzia kwa kinyozi wembe ukiwa shingoni, nilisinzia nikila, tonge mkononi. Zahanati walinipa vidonge vya malaria, safari nyingine vya kuongeza damu. Nilivimeza vyote nikaendelea kuendesha.

Shemeji alinifaa sana wakati ule. Tukifika Makambako aliniletea kahawa chungu kabla sijaiagiza. Tukishuka bonde la Usangu, ambako barabara imenyooka na joto linapanda kutoka kwenye lami, aliacha mlango akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akinisimulia habari za mpira, za wasichana, za mjomba wake aliyefukuzwa na nyuki mpaka akajitosa mtoni na baiskeli. Nikinyamaza alinigusa bega.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

Niliona ni mapenzi tu. Sikujiuliza kwa nini mapenzi hayo yalizidi kati ya Igawa na Chimala.

Siku ya ajali tulisimama Makambako kama kawaida. Abiria wakala. Mimi nikaenda nyuma ya hoteli, kwa mzee mmoja fundi cherehani ambaye kila mara aliniwekea mkeka na birika la maji, nikaswali adhuhuri. Shemeji ndiye aliyekuja kuniita, akanikuta natoa salamu, akasubiri viatu mkononi mpaka nikamaliza. Tukaondoka. Siku hiyo hakuja kusimama nyuma yangu. Alibaki mlangoni akizungumza na binti mmoja aliyepandia Mafinga.

Nakumbuka tulivuka daraja la Igawa. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mayowe, na nyasi zikichapa kioo cha mbele. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Basi lilikuwa limetoka barabarani na kuingia katikati ya kundi la ng'ombe. Wawili walikufa pale pale. Mama mmoja wa Igurusi alivunjika mkono. Mchungaji, Msukuma mrefu aliyehamia bondeni na jamaa zake, alikuja akasimama chini ya dirisha langu. Nilitegemea fimbo. Alinitazama kwa mshangao tu.

"Wewe mzee," akasema, "umekuja kama huoni. Nimepiga mluzi, nimepunga fimbo. Macho yako yalikuwa yamefumba kabisa."

Nilishuka, nikaenda kwa yule mama, nikamshika mkono mzima nikamwomba radhi. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo: nilisinzia. Sikuwa na neno jingine.

Kesho yake tajiri alituita, mimi na shemeji, kwenye chumba cha nyuma ya duka lake.

"Ulisinzia mchana kweupe?" akaniuliza.

"Ndiyo, bosi. Usingizi unanizidi nguvu. Nadhani naumwa."

Akamgeukia shemeji. "Konda, wewe ulikuwemo. Sema ulichokiona."

Shemeji alikuwa akitazama mikanda ya feni iliyotundikwa ukutani. "Makambako alikwenda nyuma ya hoteli," akasema. "Akakawia. Aliporudi alikuwa ananuka."

"Ananuka nini?"

"Pombe."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, kwa sababu nilidhani amechanganyikiwa na ajali. "Shemeji, unasema nini? Si wewe uliyekuja kuniita? Si ulinishikia viatu?"

"Nasema nilichokiona," akajibu, na bado hakunitazama.

Tajiri alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Pumzi ile sikuielewa siku ile. Akanyoosha mkono akaomba funguo.

Habari ilifika Mlandege kabla yangu. Hakuna aliyenitukana, na pengine matusi yangekuwa nafuu. Barazani watu walinipisha mahali pa kukaa, kisha wakakaa mbali kidogo, pua juu, wakisikilizia harufu. Imamu, aliyesoma chuo kwa baba yangu, alinivuta kando akaniambia mlango wa toba uko wazi. Nikamwambia sijanywa. Akasema ndiyo, ndiyo, Mungu ndiye ajuaye, huku akinipiga piga mgongoni. Wiki ile shemeji alihamisha sanduku lake akapanga chumba Kihesa. Kabla mwezi haujaandama nilisikia ndiye anayeshika usukani wa basi langu.

Mke wangu alipika, akafua, akanyamaza. Jioni moja nilimuuliza, "Wewe unaamini nimekunywa?"

"Najua hunywi."

"Basi mwambie mdogo wako aseme kweli."

"Nitasema naye," akanijibu, akainuka kutazama sufuria.

Sikuweza kuendelea kukaa Iringa. Baba yangu mdogo alikuwa na duka la nafaka Mbalizi, nje kidogo ya mji wa Mbeya, pale barabara ya kwenda Tunduma inapokusanya watu wa soko. Nikaenda kumsaidia kupima mchele na maharage, familia nikaiacha nyuma kwanza. Huko nako usingizi ulinifuata. Nililala juu ya magunia mteja akisubiri, na watoto wa soko wakanipa jina ambalo sitalitaja. Niliona labda watu wanasema kweli, labda mimi ni mlevi wa kitu nisichokijua.

Gego ndilo lililoniokoa. Liliniuma mpaka jicho likawa linatoa machozi, baba mdogo akanipeleka hospitali mjini. Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyesomea Ulaya, mwenye mikono midogo na sauti ya kuagiza. Akanichoma sindano ya ganzi, akanilaza kwenye kiti chake, akaniambia nisubiri fizi ife kidogo, akaenda kumtazama mgonjwa mwingine nyuma ya pazia.

Nilipozinduka, kidole chake gumba kilikuwa ndani ya mdomo wangu, nyuma ya meno ya chini, na taya langu lilikuwa limevutwa mbele kama droo. Muuguzi alikuwa amesimama pembeni na saa mkononi.

"Usiogope, baba," daktari akasema. "Gego bado. Ulilala."

"Samahani, daktari."

"Samahani ya nini? Unalala hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

Akatoa kidole, akavuta stuli akakaa. "Nilikusikia unakoroma. Halafu kimya. Nikaja kukutazama. Kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Nimekuwekea kile kioo changu kidogo puani, hakikupata hata ukungu. Kisha umeshtuka kama mtu anayeibuka majini, ukakoroma tena. Yakajirudia hayo hayo. Mwisho nikavuta taya lako mbele, na kukoroma kumekatika hapo hapo. Umepumua kama mtoto."

Sikumwelewa. Akachukua fuvu la plasta la kufundishia, akanionyesha. Mtu akilala, alisema, nyama zote zinalegea, na ulimi nao ni nyama. Mimi taya langu la chini ni fupi, limerudi nyuma, na shingo imejaa mafuta. Nikilala chali, ulimi unateleza unaziba koo. Mwili unaponyimwa hewa unanishtua, napumua, nalala, unaziba tena. Usiku kucha ni hivyo, na asubuhi sina kumbukumbu.

"Chuoni walitufundisha habari za vichanga wanaozaliwa na taya dogo," akasema. "Wao ulimi unawaziba, na taya likivutwa mbele wanapumua. Kwa mtu mzima sijapata kuona. Mchana unasinzia?"

"Nasinzia hata nikila."

"Kazi yako nini?"

"Nilikuwa dereva."

Akanitazama. "Ulikuwa?"

Nikamweleza yote, ng'ombe, mkeka, pombe. Nusu ya mdomo ilikuwa ganzi na maneno yaliniponyoka ovyo, mate yakinitoka, kwa hiyo nilipofika kwenye kuapa kwamba sinywi nilisikika kama mlevi kamili. Muuguzi akauma midomo asicheke. Daktari hakucheka.

"Naamini hukunywa," akasema. "Mtu aliyekabwa usiku kucha lazima asinzie mchana."

Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya gego. Alining'oa jino, akanipeleka mwenyewe kwa daktari mkuu kupimwa presha, nayo ilikuwa juu. Wote wawili wakanikataza usukani mpaka watakaponiruhusu. Kisha akaniambia atajaribu kunitengenezea kitu cha kuvaa mdomoni usiku, ila kwanza anamtaka mtu anayelala karibu nami.

"Mimi naona kinywa," alisema. "Usiku wako anaujua mkeo. Mlete."

Nikampigia mke wangu simu ya upepo, na akaja. Alikuja kwa basi lile lile, likiendeshwa na mdogo wake, na alinijulisha hilo mwenyewe aliposhuka stendi, bila kuulizwa. Kesho yake asubuhi tukaenda hospitali. Daktari alimpokea kwa salamu ya kwao, "Ugonile," ambayo maana yake ni kuulizana kama mtu amelala vyema, kisha akacheka mwenyewe kwamba leo salamu imegeuka swali la hospitali. Tukakaa watatu kwenye benchi chumbani mwake.

"Mama, mumeo akilala, umewahi kuona pumzi yake ikikatika?"

Mke wangu hakufikiri. "Ndiyo, daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wetu wa mwisho akiwa ananyonya."

Mtoto huyo alikuwa ameshaanza shule.

"Inakatika kwa muda mrefu?"

"Mimi huwa naketi kitandani. Safari nyingine nimeshaanza kumtamkia shahada, nikijua ndiyo basi. Namsukuma, anageuka ubavu, anavuta pumzi. Nikimgeuza hivyo ananyamaza, lakini anarudi chali."

Alikuwa akieleza vizuri, kama mtu anayeeleza jinsi jiko lake linavyovuta moshi. Daktari alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa furaha kwamba amepata shahidi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeganda.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

Akanigeukia, na hapo akaona alipofika. "Nilimwambia mdogo wangu," akasema taratibu. "Ili akuangalie njiani. Akasema nisikwambie wewe, utaingiwa na hofu, na bosi akisikia atakuachisha. Akasema yeye yupo, atakuangalia."

Kahawa ya Makambako. Nyuki wa mjomba. Mkono begani.

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua."

"Siku aliyosema nimekunywa, alijua ni usingizi."

Akavuta kitenge chake begani. "Alijua."

"Na wewe ulijua kwamba anajua."

Daktari aliinuka akaenda kwenye beseni kunawa mikono ambayo alikwisha kuinawa, akafungua bomba kwa nguvu.

"Ni mdogo wangu," mke wangu akasema mwishowe. "Kwetu mwanamume amebaki yeye tu. Niliona nikisema kweli, yeye ndiye atakayefukuzwa, na wewe hurudishwi. Nikaona wewe utapata gari jingine."

Nimepatwa na mambo mengi maishani. Nimezika wazazi, nimeibiwa, nimepinduka na lori Mlima Nyoka. Hakuna lililoniingia kama lile benchi. Angekuwa mdogo wake tu aliyenisingizia, ningesema ni tamaa ya ujana. Lakini huyu alikuwa ameketi usiku akinitamkia shahada, na mchana akaniangalia nikipita Mlandege kichwa chini, akijua neno lake moja lingekiinua. Nilikuwa nimelala ubavuni mwake miaka yote hiyo, na habari ya mwili wangu walikuwa wakipeana wao kwa wao, mimi mwenyewe siijui.

Nilitaka arudi Iringa siku ile ile. Daktari ndiye aliyenizuia. Alimtoa nje kwanza.

"Mambo ya nyumbani siyajui, baba," akaniambia. "Lakini kifaa nitakachokutengenezea, nitajuaje kama kinafanya kazi? Wewe utakuwa umelala. Nahitaji masikio yake."

Basi akabaki. Alikaa Mbalizi, kwenye chumba kimoja nami, kila usiku akisikiliza pumzi ya mtu ambaye mchana hakusema naye ila "lete" na "weka".

Daktari alinichukua vipimo vya meno kwa nta na plasta. Fundi wake wa meno bandia akachonga kipande cha plastiki ya rangi ya waridi, ile ile wanayotengenezea fizi, chenye njia ya meno ya juu na ya chini. Ukikiuma, taya la chini linalazimika kukaa mbele ya lilipozoea, na ulimi unavutwa nalo. Mbele aliacha tundu la kupitisha hewa. Wiki za mwanzo zilikuwa mateso. Mate yalilowesha mto, asubuhi taya liliuma na meno hayakukutana vizuri mpaka nimekunywa chai. Nilirudi, akakwangua hapa, akaongeza pale, akanisogeza mbele kidogo kidogo. Alimwamuru pia mke wangu anishonee gunzi la mahindi mgongoni mwa fulana ya kulalia, ili nikigeuka chali linichome nirudi ubavu. Na sahani ya usiku akaipunguza. "Hilo shavu la shingo," aliniambia, "ndilo linalosaidiana na ulimi kukukaba."

Kila tulipokwenda, alimuuliza mke wangu, wala hakuniuliza mimi.

"Vipi usiku?"

"Alikatika alfajiri kidogo. Mwanzo wa usiku hapana."

Safari nyingine: "Amekoroma, ila pumzi haikukatika."

Na hatimaye: "Kimya, daktari. Nimeamka mimi kumtazama kama yu hai."

Mimi nililijua hilo kwa njia yangu. Asubuhi moja niliamka kichwa hakiumi. Nilikaa kitandani nikisubiri kianze, hakikuanza. Ijumaa iliyofuata nilisikiliza hotuba tangu bismillahi mpaka dua, na niliporudi dukani nikamsimulia baba mdogo hotuba nzima, naye akanitazama kama nimerudi kutoka Maka. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba ugonjwa huu una jina na mashine zake. Yule mama alikuwa na kioo kidogo, kidole gumba na plastiki ya fizi.

Presha iliposhuka na usiku ukatulia kwa muda waliotaka, wakaniruhusu usukani. Lakini kabla ya kutafuta gari jingine, nilitaka jina langu. Nikamwambia mke wangu, "Twende Iringa. Useme mbele ya tajiri ulichosema mbele ya daktari." Nilidhani atakataa. Alifunga mzigo wake bila neno.

Tajiri alitupokea kwenye kile chumba cha nyuma. Mke wangu akasema yote, amesimama, sauti haikutetemeka: usingizi, pumzi, mdogo wake kuambiwa, mdogo wake kujua. Nikaweka kile kifaa mezani. Tajiri alikigeuza geuza kwa ncha ya kalamu, kisha akanitazama kwa upole wake ule ule.

"Mimi sikuamini kwamba ulikunywa," akasema. "Baba yako alinisomesha Yasini. Nakujua."

"Sasa kwa nini?"

"Dereva mlevi ni kosa la dereva. Dereva mgonjwa ni kosa la mwenye gari. Wangeniuliza kwa nini nilimpa mgonjwa basi la watu. Yule kijana alinipa jibu, nikalipokea." Akanisogezea kifaa changu. "Nashukuru umepona. Kweli kabisa."

Nilikumbuka ile pumzi yake ndefu. Niliinuka bila kuaga.

Shemeji alikuwa uani, amelala chini ya basi akifunga boliti. Alitoka alipoona viatu vya dada yake. Akafuta mikono kwa tambara, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Ulijua nilikuwa naswali," nikamwambia.

"Nilijua."

"Na ulijua naumwa."

"Nilijua, shemeji."

"Ungesema tu naumwa."

"Ningesema unaumwa, wangekupumzisha, ungetibiwa, ungerudi," akasema. "Mlevi harudi." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayemfundisha mwenzake njia. Halafu akaongeza, sauti ikipanda, "Na wewe ungeniachia lini usukani? Mimi ndiye niliyekuwa nakuamsha kila siku, watu wote mle ndani nimewabeba mimi. Nilichoka."

Dada yake alimpiga kofi. Lilisikika mpaka dukani. Kisha akalia yeye, si mdogo wake. Mimi niliwaacha pale, nikatangulia stendi. Nilikuwa na hasira kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, na ile nusu ameitumia kunizika.

Imamu wa Mlandege nilimweleza. Akanipa mkono wa radhi mbele ya watu baada ya alasiri. Wachache walinifuata wakaniomba radhi pia. Wengine waliendelea kupenda ile habari ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa tamu zaidi. Sikurudi kuishi pale. Tulihamisha watoto Mbalizi, nikapata lori la kubeba tumbaku kutoka Chunya, njia ya vumbi na mawe ambayo hata mtu mwenye usingizi wa kawaida hawezi kusinzia. Niliendesha mpaka kustaafu. Kifaa kilivunjika safari moja, daktari akakitengeneza upya kabla hajahamishwa, na gunzi tulibadilisha kila msimu wa mahindi.

Shemeji tulikutana Kalenga tulipomzika mama mkwe. Tulibeba jeneza, yeye mbele, mimi nyuma. Tulisalimiana vizuri, tukala chakula cha msiba sinia moja. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono akaukawiza, na mimi nilimwachia aukawize, basi.

Na mke wangu bado yuko hapa. Watu wananiuliza wanaposikia kisa hiki kwa nini sikumwacha. Nilikaa muda mrefu sizungumzi naye, kisha watoto wakaumwa, mvua zikanyesha, duka likahitaji mtu, tukajikuta tunazungumza. Sikumwambia nimemsamehe, na hajapata kuniomba tangu lile kofi. Ila kuna jambo moja ameanza tangu siku zile na hajaliacha. Kila asubuhi, kabla sijatia mguu chini, ananiambia nimelalaje, hata nisipouliza.

"Jana ulikoroma kidogo karibu na adhana," ananiambia. "Ukageuka, ukanyamaza."

"Nimesikia," namjibu, nakwenda kutawadha.